Mkeka wa Msafiri

Kila aliyekwenda kwa wakala wetu pale Chole kutafuta nafasi ya safari ya Hija aliambiwa kwanza alete mkeka wake. Msafiri wa sitahani hana chumba, ana mkeka. Wakala aliutandika barazani, akavua kofia, akajilaza juu yake amefumba macho. Akiamka ndipo huandika barua kwa wenye meli, Unguja. “Huyu alale mbele, penye upepo,” alikuwa akisema. “Karibu na tanuri la meli simlazi hata adui yangu.” Watu walimtania, “Mzee, wewe utafika Maka kwa kulala.” Alicheka nao, huku akiupangusa mkeka kwa viganja vyake vipana mpaka usibaki na chembe ya mchanga.

Mama alipotaka kwenda, sikumpeleka kwake. Nilikuwa nimesoma, niliwaandikia wenye meli mwenyewe, wakanijibu kwamba nafasi ipo. Sikuuliza ni ipi. Wenzake waliporudi waliniletea mkeka wake tu. Alilazwa ubavuni mwa tanuri, wakasema, na joto lilimmaliza kabla ya kufika Jidda. Wakala alikuja matangani, akauomba ule mkeka, akautandika, lakini mara hii hakujilaza. Aliupapasa ukingo uliobabuka, akaniuliza mama alilala wapi. Nikamwambia. Akaukunja taratibu na kunikabidhi. Baada ya siku ile hatukuonana tena. “Mwanangu,” alikuwa ameniambia aliponikabidhi, “hata mimi ningemlaza hapo hapo.”