Uzi Mweusi kwenye Mlango wa Kizimba

Nahashon Ondiek alikuwa mtu wa kumshuku hata mwuza maziwa. Miaka thelathini ya kukagua tikiti kwenye reli ilimfundisha kwamba uso mtulivu umeficha kitu, na alipostaafu alihamia Kariobangi na tabia hiyohiyo. Mtu mmoja tu ambaye Nahashon hakumshuku alikuwa mkewe, Rispa Awuor. Huyo alikuwa ametangaza mbele ya wapangaji wa ploti nzima kwamba njiwa wa mumewe hatawagusa mpaka aingie kaburini.

Njiwa walikuwa arobaini, juu ya paa la fleti, na Nahashon aliwapenda kuliko alivyokubali kusema. Sasa kifua kilikuwa kikimbana mwaka mzima. Alipimwa kifua kikuu mara mbili, akakutwa hana. Daktari aliposikia habari za njiwa, alimkataza kufagia kizimba, kwani huenda vumbi la mavi yao ndilo lililokuwa likimziba pumzi. Nahashon alirudi nyumbani amenuna. Alifuga njiwa kabla huyo daktari hajaota meno! Bila shaka ametumwa.

Na nani? Na Mugo, fundi wa mabati, jirani wa chini aliyekuwa akiililia ile nafasi ya paa aweke tangi la maji. Ushahidi ulikuwepo. Kila asubuhi Nahashon alipanda akihema, akakuta kizimba kimefagiwa na gunia la mahindi limesogezwa. Nani hufagia kizimba cha mwenzake kwa wema tu? Huyo anawazoeza ndege mkono wake, siku moja uamke ukute kizimba kitupu. Akafunga uzi mweusi mlangoni. Kesho yake aliukuta umekatika, na tangu hapo akaacha kuitikia salamu za Mugo.

Daktari akamtuma maabara moja ya Makadara, damu yake itafutwe kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda kupigana na kitu kigeni. Waruguru, mpimaji wa pale, alikuwa na subira ya ajabu. Alimwonyesha kisahani chenye jeli iliyoganda kama uji uliopoa, iliyotobolewa vishimo. Katikati angetia maji ya mavi ya njiwa walewale wa Nahashon. Pembeni, majimaji ya damu. Vyote vingesambaa polepole ndani ya jeli, na kama damu ile inawajua njiwa, vikikutana vingechora mstari mweupe. Kwa kulinganisha, kishimo kimoja kingetiwa damu ya mtu asiyefuga ndege.

Mtu yupi? Nahashon hakumjua, kwa hiyo hakumwamini.

"Tia ya mke wangu," alisema. "Huyo hajagusa hata unyoya. Mkinionyesha mstari kwake, nitajua nyinyi ni matapeli."

Rispa alisita, akasema sindano zinamtisha. Nahashon akamcheka. Mwishowe mama wa watu akakunja mkono wa blauzi.

Siku ya tatu walirudi. Waruguru aliinua kisahani kwenye mwanga. Mbele ya kishimo cha Nahashon palikuwa na mstari mnene. Mbele ya cha Rispa palikuwa na mwingine, mwembamba, ukienda kuungana na ule wa mumewe.

Nahashon alifurahi, ile furaha ya zamani ya kumkamata abiria asiye na tikiti. Akasimama, akasema si aliwaambia, hawa ni matapeli.

"Baba Whitney, keti," Rispa alisema, macho yake yakiwa kwenye kisahani. "Mimi ndiye ninayefagia. Alfajiri, kabla hujaamka. Na uzi wako niliukata mimi. Ungeendelea kufagia wewe, ningekuzika."

Waruguru alieleza kwamba mstari peke yake si ugonjwa; unasema tu damu imekutana na njiwa. Kisha akamwuliza Rispa kama anakohoa. Kidogo, alijibu, tangu mvua za Aprili.

Nahashon aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini yeye alikuwa ameingia na mkewe. Miezi yote hiyo usiku alitega sikio asikie nyayo za mwizi juu ya paa, na kikohozi kilichokuwa kando yake kitandani hakukisikia.

Jioni alibisha kwa Mugo.

"Jirani," alisema, "lete tangi lako Jumamosi. Mama Whitney anakohoa."

Mugo, ambaye hakuwa ameitikiwa salamu kwa miezi miwili, alimtazama kwa shaka, kisha akamtazama tena, akitafuta mtego uko wapi.