Siku Mkanda wa Mashine ya Unga Ulipokatika

Katika mtaa wetu wa Butembo, wakati wa vita, gari zima lilikuwa hatari kuliko bunduki. Wenye magari waliyapandisha juu ya matofali na kuyavua magurudumu. Wengine walifukia kabureta kati ya migomba, wengine walilala na betri chini ya kitanda. Mwanajeshi akiuliza, aonyeshwe mzoga. Sababu ni kwamba wanajeshi hawakuchukua gari peke yake. Walichukua pia aliyejua kuliendesha, na walimpenda zaidi aliyejua kulitengeneza. Dereva mmoja niliyemfahamu, mtu wa Alimbongo, alipelekwa upande wa Kamango pamoja na lori lake la viazi. Lori lilionekana tena mjini baadaye. Kwenye usukani alikuwa mtu mwingine.

Wakati huohuo mimi nilikuwa nafufua gari la mbio.

Niseme nilivyokuwa, kwa sababu hakuna atakayenisemea. Niliondoka Butembo nikiwa nimekaa juu ya magunia ya kahawa hadi mpakani Kasindi, sina kitu mkononi, na nikarudi kutoka Kampala na diploma ya ufundi wa magari. Sikusomeshwa na mjomba wala parokia. Mchana nilikuwa chini ya magari ya watu, jioni nilikuwa darasani, na kwenye mtihani wa injini wenyeji wote walisoma majina yao chini ya langu. Diploma hiyo niliitundika sebuleni, juu kuliko saa na juu kuliko picha ya harusi yetu. Mke wangu aliitazama, akasema inahitaji kufutwa vumbi, na hakuigusa.

Gari lenyewe nililikuta nyuma ya depo ya kahawa. Lilikuwa la milango minne, pua ndefu, kabureta mbili, gari ambalo zamani mtoto wa tajiri alishindana nalo barabarani. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Nilimtengenezea mwenye depo lori lake, naye akaniambia nibebe takataka yangu niondoke. Vijana wa chukudu, wale wanaobeba mizigo kwa baiskeli za mbao zisizo na pedali, walilivuta kwa kamba hadi kwangu huku wakiimba kama wanasindikiza bwana harusi. Wanajeshi waliopita njiani walicheka. Gari lisilowaka halikumtisha mtu.

Sikuwa na pesa, nilikuwa na akili. Ringi za pistoni nilizitoa kwenye pikapu iliyoungua Mbau, nikazisugua kwa tupa mpaka zikakaa. Bomba la moshi lilitoka kwenye mashine mbovu ya kukoboa kahawa. Viti nilimpa fundi viatu, akavishona kwa turubai. Rangi niliipuliza kwa pampu ya kunyunyizia dawa ya viazi, na ilikuwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye bati la kanisa. Mafundi wengine wa Butembo wangesubiri vipuri mpaka leo.

Kisha nikachukua msumeno wa chuma nikazikata springi, gari likashuka mpaka tumbo likawa karibu na ardhi. Mke wangu alikuja na beseni la nguo, akasimama.

"Papa, unakata gari miguu?"

"Naikata miguu ili basiibebe. Jeshi inataka gari ya kupanda milima. Hii itagusa kila jiwe."

"Na weye," akasema, "batakukata nini?"

Niliendelea kuvuta msumeno. Wazo lile lilikuwa langu na lilikuwa zuri. Kampala niliona magari ya mashindano yakishushwa kwa ajili ya kasi. Kulishusha gari ili jeshi lisilitake, hilo sikufundishwa na mwalimu yeyote. Chini ya injini nilifunga kipande cha pipa, ili jiwe lisije likapasua bakuli la mafuta.

Kilichobaki ni kuliwasha. Fundi yeyote duniani anaombea injini iwake, nami niliombea hivyo, na papo hapo niliogopa isije ikawaka watu wakasikia.

Jirani yangu alikuwa na mashine ya kusaga unga. Alikuwa mzee wa Kiprotestanti, shemasi, mwenye ulimi mkali kwetu sisi Wakatoliki, na aliniita Ingénieur, yaani mhandisi, kwa namna ambayo sikupata kujua kama ni heshima au ni mzaha. Mashine yake ilikuwa inanguruma kiasi kwamba akina mama waliosubiri na mahindi yao walizungumza kwa kupiga kelele. Tukapatana. Yeye akisaga, mimi nawasha. Akitaka kuzima, anatuma mtu kwanza. Mke wangu alisimama kwenye uzio akitazama njia, akiwa na beseni tupu na mwiko. Akipiga beseni, nizime.

Hivyo ndivyo nilivyoitengeneza injini ile, bila kuisikia. Niliweka kiganja juu ya kifuniko na kuhisi mtetemo, kama daktari anavyoshika kifua cha mtu. Nilirekebisha kabureta kwa kiganja. Nilijua kwamba silinda moja ilikuwa inachelewa, nikaiponya kwa kiganja. Sijamwona fundi mwingine aliyefanya hivyo. Lakini sauti yake sikuijua.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Nilikuwa nimetoka kupaka milango ya nyuma, kifuniko cha injini kilikuwa bado kijivu, na mikono yangu ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Mashine ya jirani ilikuwa inasaga. Nikawasha, nikaliacha lipate joto, kisha nikakanyaga mafuta kuona kama litapanda bila kusita.

Mkanda wa mashine ya unga ukakatika.

Niliambiwa baadaye kwamba mzee alizima haraka kwa sababu kipande cha mkanda kilipita karibu na kichwa cha mama mmoja. Mimi nilichosikia ni mtaa mzima kunyamaza, na ndani ya ukimya huo injini yangu ikiimba. Ilikuwa sauti nene, safi, haina kikohozi hata kimoja. Sikuwahi kusikia kitu cha mkono wangu kikiwa kizuri vile. Mke wangu alikuwa anapiga beseni kwa nguvu zake zote, nami nilikuwa nimekaa pale, mguu juu ya mafuta, nasikiliza.

Nilipozima, wanajeshi walikuwa tayari mlangoni. Walikuwa wametoka kwenye foleni ya mashine na gunia la mahindi ya mtu. Wawili walikuwa na bunduki, na mbele yao komanda mfupi mwenye kofia ya sufu, ingawa jua lilikuwa kali.

"Moteri iko inalia muzuri," alisema komanda. "Nani aliitengeneza?"

Mdomo wangu ulikuwa unafunguka. Namshukuru Mungu kwamba jirani yangu alikuwa amewafuata, unga kichwani kama mvi.

"Ilitengenezwa Kampala, afande," alisema yule mzee. "Huyu ni peintre wetu. Anapakaka rangi tu. Angalia mikono yake."

Shemasi alisema uongo mbele ya washirika wake waliojaa kwenye uzio, bila kupepesa macho. Nilimtazama kwa kuudhika, ndiyo, kwa pumzi moja niliudhika kuitwa mpaka rangi uani kwangu. Kisha nikamkumbuka dereva wa Alimbongo.

"Niko peintre, afande," nikasema.

"Peintre anajua kuendesha?"

"Kidogo."

"Ingia. Unatufikisha Beni."

Mke wangu hakulia. Alisimama kati ya komanda na mlango wa sebule, mlango ukiwa nyuma ya mgongo wake, na nikaelewa anachokificha. Diploma ilikuwa ukutani, na jina langu juu yake kwa herufi kubwa.

Barabara ya Beni nilikuwa naijua, lakini siku ile kila shimo lilikuwa geni. Komanda alikaa kando yangu, wawili nyuma, midomo ya bunduki ikiegemea dari. Kila tulipogonga jiwe, kipande cha pipa kilipiga kelele chini yetu, na mmoja wa nyuma alitukana kwa Lingala. Akili yangu ilikuwa imefanya hesabu mbaya. Niliposhusha gari nilifikiri wataliona na kuliacha. Sikufikiri kwamba nitakuwa ndani yake. Likivunjika porini watasema nimefanya makusudi. Likifika salama, watalitaka.

Baada ya Maboya, komanda aliweka kiganja kwenye dashibodi.

"Iko na nguvu," akasema. "Sijaona yenye nguvu hivi. Kwa nini peintre iko na gari ya hivi?"

"Ni ya mutu, afande. Naipaka tu."

"Ya nani?"

"Alikimbiaka."

Hilo alilielewa. Wakati ule kila mwenye kitu alikuwa amekimbia. Kwenye miteremko ya Kabasha tulikwama juu ya tumbo, magurudumu yakizunguka hewani, na wale wawili ikabidi washuke wasukume. Walirudi na matope hadi kifuani. Sikucheka, wala hata leo nikikumbuka sicheki, kwa jinsi mmoja wao alivyonitazama kwenye kioo mpaka tukaingia Beni.

Kambini kulikuwa na gari la jipu limeegeshwa chini ya bati, kifuniko wazi. Komanda alinishika bega akanipeleka mpaka hapo.

"Mecano wetu alikimbia," akasema. "Angalia."

"Afande, mimi ni wa rangi."

"Nimesema angalia."

Niliinama. Mtu aliyenitangulia alikuwa ameacha wazi kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, na ndani yake kiwaya kidogo kilikuwa kimekatika, kimebaki kuning'inia. Nilikiona kabla sijamaliza kuinama. Ningekifunga kwa kucha. Jipu lile lingewaka kabla komanda hajawasha sigara yake, na mimi nisingerudi Butembo, au angerudi mtu mwingine na gari langu.

Mkono wangu ulikuwa umeshaondoka. Ulikuwa unaenda wenyewe, kama mkono wa mama unavyokwenda kwa mtoto anayeanguka. Niliugeuza njiani nikagusa ukingo wa kifuniko.

"Unaona nini?" Komanda alikuwa anatazama mkono wangu, si jipu.

"Kutu, afande. Hapa. Ikiachwa, itakula mpaka kwenye kioo."

Mmoja wa wale wawili wa matope akacheka. "Jipu imekufa, yeye analilia kutu."

"Shika buji," komanda akaniambia. "Nionyeshe buji."

Plagi. Nilikuwa nazijua kama vidole vyangu. Nikanyoosha kidole nikaonyesha kofia ya maji ya rejeta.

Walicheka wote sasa, hata waliokaa mbali kivulini. Mmoja akaniuliza kama kwetu wote wana akili ya namna hii. Mwingine akasema watu wa rangi huwa wanaivuta puani mpaka wanaharibika. Nilisimama katikati yao, mtu wa kwanza darasani, jasho likinitiririka mgongoni, na nikacheka nao. Sijafanya kazi ngumu kuliko ile, na nimeshawahi kubeba injini kwa mabega.

Komanda peke yake hakucheka.

"Basi paka," akasema. "Bariera yetu haina rangi. Nitaona kama uko peintre."

Nikaelewa kwamba ndio mtihani wenyewe. Waliniletea makopo mawili, jekundu na jeupe, na brashi iliyopoteza nusu ya nywele zake. Bariera ilikuwa mti mrefu uliowekwa kwenye lango la kambi. Tone la kwanza lilidondokea kiatu changu. Nikaiweka brashi chini, nikaomba kamba na mkaa. Nikapima mistari yote kwanza, kwa ulalo mmoja, jinsi tulivyofundishwa kuchora vipuri karatasini. Kisha nikapaka taratibu, nikishikilia kiwiko kwa mkono wa pili. Komanda alikuja, akafumba jicho moja, akautazama mti kutoka mwisho hadi mwisho.

"Iko sawa," akasema. Aligeukia gari langu lililolala mchangani. "Na hii gari ni ya kucheza dansi. Kwa Mbau haifiki. Mutoe radio na gurudumu ya akiba, mumuache aende."

Langoni askari aliinua bariera kwa mikono miwili na akasahau kwamba rangi haijakauka. Alitazama viganja vyake, akanikaribia. Nilisimamisha gari. Alipangusa kiganja chake chekundu juu ya kifuniko cha injini, polepole, akiwa ananitazama, kisha akaniashiria nipite.

Sikuangalia nyuma mpaka Maboya. Mashimo niliyakwepa kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai.

Mke wangu alikuwa kwenye uzio. Alichokiona kwanza hakikuwa mimi. Aliona kile kiganja juu ya kifuniko, na beseni likamtoka mikononi.

"Ni rangi," nikamwambia dirishani. "Nusa. Ni rangi."

Alikuja akanusa kweli. Alikigusa kwa kidole, akakitazama kidole chake, akakifuta kwenye kitenge.

"Diploma iko kwenye dari," akasema, "nyuma ya mihogo. Sasa uko peintre. Kesho uamke upake."

Ndivyo nilivyoishi mpaka vita vilipoisha. Nilipaka milango ya maduka, misalaba ya makaburi, ukuta wa kanisa letu, na hata wa kanisa la jirani yangu, ambaye tangu siku ile hakuniita Ingénieur hata kwa mzaha. Aliniita Peintre mbele ya watu, na tukiwa wawili hakuniita jina lolote. Gari nililipandisha juu ya matofali.

Leo nina karakana. Kibao chake nilikiandika mwenyewe, na wageni huuliza ni fundi gani mwenye herufi zilizonyooka vile. Diploma iko ukutani tena. Lakini mzee yule angali anasaga unga. Nikiwa nimewasha injini ya mteja na mashine yake ikanyamaza ghafla, mkono wangu unafika kwenye ufunguo kabla mimi sijafikiri.