Chungu Kilichoandikwa "Hajulikani"

Mimi sina dogo, na wanaonifahamu Mbinga watakwambia. Kwa hiyo nisijifanye mpole hapa: siku nilipogundua neno "Hajulikani" limewekwa chini ya chungu cha mama yangu mzazi, niligonga meza mpaka kipanya cha kompyuta kikadondoka sakafuni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ilikuwa miaka ile kila kitu kimefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa mjini, kila mmoja na mizani yake na ubao wake wa bei, na nyuma ya duka moja la vifaa vya ofisi palikuwa pamefunguliwa chumba cha intaneti chenye kompyuta nne. Makumbusho fulani ya Ulaya yalikuwa yanaweka kwenye tovuti picha za vitu vya sanaa vilivyotoka kwetu kusini, na yakatafuta mtu wa kuvipa maneno ya Kiswahili. Nilikuwa nimeacha ualimu, kompyuta naijua, wakanichukua. Picha inakuja, chini yake maelezo mafupi yaliyoandikwa hukohuko kwao. Unatazama, unasoma, unachagua maneno kwenye orodha: chungu, kinu, mkeka, ngoma, udongo, mbao. Hayo ndiyo lebo. Mtu akitafuta "kinu" akiwa popote duniani, kinu kinamtokea.

Msimamizi wangu alikaa Dar es Salaam. Alikuwa kijana mstaarabu, ananiita dada hata akikasirika, na tuliongea kwa simu na barua pepe tu.

Sasa niseme la aibu, maana nikilificha nitakuwa sina tofauti na wao. Chungu kile mara ya kwanza nilikipitisha mimi mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, mtandao unasuasua, nina picha themanini za kumaliza kabla ya Ijumaa. Ikaja picha ya kitu kama kofia ya udongo, juu kina matundu. Maelezo yalisema: "Chombo cha matambiko. Kimetobolewa ili roho zipite. Msanii hajulikani." Nikabonyeza udongo, nikabonyeza tambiko, nikaenda zangu kunywa chai. Mtoto wa mfinyanzi huyo!

Wiki mbili baadaye picha zilirudi kwa ajili ya ukaguzi. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka na picha ilifunguka yote, kubwa, mpaka unaona chembe za mchanga. Nikaona mistari. Wanawake wa kwetu Lituhi huchora mistari shingoni mwa chungu kingali kibichi, kwa kijiti, na mistari yao inalalia kulia kwa kuwa mkono unaochora ni wa kulia. Hii ilikuwa imelalia kushoto. Kijiji kizima kulikuwa na mfinyanzi mmoja tu wa mashoto, mama yangu. Bibi alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa alipokuwa mtoto, asije akamsalimia au kumpa mtu kitu kwa kushoto akaonekana hana adabu, na akajifunza kula na kupokea kwa kulia kama watu wote. Lakini kwenye udongo aliwashinda. Ukiwa sokoni ukaona mistari imelala vile, huhitaji kuuliza.

Nikainamisha kichwa nitazame vizuri, na hapo ndipo nikagundua kwamba walikuwa wamekisimamisha kwa mdomo. Kile kilichoonekana juu kilikuwa kitako. Ebo! Chungu chenye matundu kitakoni ni cha kuchujia magadi. Unajaza majivu ya maganda ya ndizi au mabua ya maharage, unamwaga maji juu, yanadondoka taratibu kwenye chungu cha chini, na maji hayo ndiyo yanayolainisha maharage na kisamvu. Roho gani zipite pale? Nimekipakata chungu kama kile nikiwa na miaka mitano, nikapigwa kibao kwa kukilamba.

Nilimpigia msimamizi palepale.

"Dada, maelezo hatuyagusi," alisema. "Sisi ni lebo tu."

"Basi niongezee lebo ya magadi."

"Haimo kwenye orodha."

"Na jina la aliyekifinyanga? Ni mama yangu, yuko Lituhi, mzima, anapalilia mihogo."

Akaniuliza, "Umejuaje ni yeye?"

Nikamweleza mambo ya mkono wa kushoto. Akacheka, siyo kwa ubaya. "Dada yangu, mashoto wapo wengi duniani. Wale wanataka ushahidi wa maandishi."

Nilichapisha ile picha kwenye karatasi, nikapanda gari la kushuka Lituhi, ziwani. Vumbi lote la barabara ile nililimeza nikiwa nabishana na kijana yule kichwani mwangu, na kila mara nilimshinda.

Mama alikuwa uani anaanika dagaa. Nikamwamkia, akaitikia, akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea karatasi. Hakushangaa hata kidogo. Aliigeuza juu chini, chungu kikakaa sawa.

"Hiki nilimpa yule mgeni aliyekuja na gari la misheni," alisema. "Mwaka ule sabuni ilipoanza kurudi madukani. Tulikuwa wanawake saba, tukapanga mstari, kila mtu na chungu chake. Alitupa sabuni na chumvi."

Nikamsomea kilichoandikwa. Nilipofika kwenye "hajulikani" alinikatisha.

"Nani hajulikani?"

"Wewe, mama."

"Mimi nilimtajia jina langu. Langu na la baba yangu. Akaniomba nirudie, nikarudia. Aliandika kwenye daftari la jalada jekundu, nilimwona kwa macho yangu haya. Asiyejulikana ni huyo aliyeandika upuuzi huu. Yeye jina lake liko wapi hapa?"

Nikaitazama karatasi. Kweli, halikuwepo.

Nilitaka kucheka, lakini yeye alikuwa anapitisha kidole chini ya maneno yale, moja moja, akilitafuta jina lake. Alisoma kisomo cha watu wazima akiwa na watoto wanne, akajifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto huku mwalimu akimkemea, na jina hilo alilipenda. Aliliandika hadi ndani ya mlango wa ghala, kwa mkaa. Aliniambia, "Mwanangu, usiniletee tena karatasi hii mpaka wawe wamenirudisha." Akarudi kwenye dagaa wake. Hatukuongea tena habari hiyo hadi naondoka kesho yake.

Nilipofika Mbinga nilimwandikia msimamizi kwamba daftari lipo, jalada ni jekundu, walitafute. Alijibu kuwa madaftari ya zamani hayajaingizwa kwenye mfumo, yako stoo, kulifungua moja ni mpaka kibali. Nikamwambia sawa, na mimi vidole vyangu viko stoo. Sibonyezi lebo hata moja mpaka daftari lifunguliwe.

Alinibembeleza. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti hakuna Mbinga nzima anayeifanya kazi ile kama mimi. Halafu akanitisha: watamtafuta mwingine Songea. Nikamwambia amtafute, na akishampata amuulize chungu chenye matundu kitakoni ni cha nini. Kama ni mtoto wa mwanamke wa kusini atamjibu kama nilivyomjibu mimi. Niliogopa, nisidanganye. Nilikuwa na mtoto sekondari, na kazi ya kukaa kitini haikuwa ya kuokota barabarani. Mwenye duka, mama mmoja Mmatengo mwenye shamba lake la kahawa, aliniuliza kama nimerogwa, kugombana na Wazungu kwa ajili ya chungu. Nikamwambia chungu wakae nacho. Ninachogombania ni mtu.

Zilipita wiki saba. Kila Jumatatu nilikuwa nakwenda, nafungua kompyuta, naandika barua pepe ileile ya mistari miwili, nafunga, narudi nyumbani kuchambua maharage.

Jumatatu ya nane nilikuta picha imetumwa. Ukurasa wa daftari, penseli imefifia, pembeni umeliwa na mende. Namba saba, majina saba, na mbele ya kila jina maelezo ya chungu. Mbele ya jina la mama, mgeni yule aliandika kwa Kiswahili chake kibovu: "wa kuchuja majivu, kupika mboga." Nililia. Nililia kwa hasira. Walikuwa wanajua! Tangu siku ile ya sabuni walikuwa na jina na kazi ya chungu, vimekaa gizani kwenye kabati, na mtu mwingine asiyewahi kula kisamvu akaketi akatunga roho.

Msimamizi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Dada, nisamehe. Watarekebisha hicho chenu."

"Vyote saba," nikasema.

"Wamekubali hicho kimoja kwanza."

"Vyote saba, kaka. Au niendelee kukuandikia kila Jumatatu?"

Vilirekebishwa vyote saba. Kwenye picha, chungu cha mama hadi leo kimesimama kwa mdomo, nimewaandikia mara nne, nitawaandikia ya tano.

Nilishuka tena Lituhi na karatasi mpya. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho yameanza ukungu, akasema nisome mimi, nisome kwa sauti. Nikaanza na namba moja.

"Amefariki," alisema mama.

La pili. "Amefariki."

La tatu lilikuwa la shangazi yangu, wifi yake, ambaye aliishi naye ua mmoja miaka mingi bila kusemeshana. Mama aliitengeneza kanga mabegani. "Siku ile alisimama nyuma yangu," alisema. "Alikuwa na chungu kizuri kuliko changu. Amefariki."

Wa nne alihamia ng'ambo ya ziwa, Malawi, habari zake hakuna. Wa tano na wa sita wamefariki.

Nikasoma la saba, lake na la baba yake, kama alivyomtajia yule mgeni mara mbili. Jina silitaji hapa. Liko kule, chini ya chungu chake, anayelitaka akalisome.

Mama alijinyoosha kwenye kigoda kama mwanafunzi wa kisomo, akainua mkono wa kushoto juu kabisa.

"Nipo," alisema.