Siku ya manège, bembea ya kuzunguka, na Neema

Leo mutoto wangu aliniita tonton, yaani mjomba.

Tena mimi ndiye papa yake, wa kumuzaa.

Neema iko na miaka saba. Anaishi na maman yake kule Minova, na tangu mwaka jana sikumuona. Amekuja Bukavu siku mbili tu za vakansi, analala kwa dada yangu.

Basi nikapanga mambo makubwa pale Nguba, kwenye bustani ya michezo: manège ya farasi za plastiki, trampoline ya kurukia, glace ya baridi, picha nyingi. Nilitaka siku moja ijaze mwaka muzima.

Kwenye manège alilia kabla haijaanza kuzunguka.
Kwenye trampoline alikataa kuvua viatu.
Nikamununulia glace. Akaipokea kwa mikono miwili, na heshima yote:
"Merci, tonton."

Maman mumoja nyuma yetu akacheka. Na mimi nikacheka.

Nikaikala chini kwa majani. Programu yote nikaiacha, hata picha sikupiga.

Kisha akakuja kuikala karibu yangu. Akaangalia glace yake, kisha akaniuliza:
"Wewe unalalaka peke yako mu nyumba?"
"Ndiyo, mama yangu mudogo."
"Hauogopaki?"
"Mara moja moja."
Akanisogezea glace yake, ilishaanza kuyeyuka, nilambe.

Vakansi yetu ilikuwa hiyo tu, dakika kumi kwa majani. Ile ingine yote nilikuwa najipangia mwenyewe.

Kesho, mbele arudi Minova, tutakunywa chai kwangu. Basi.

Bapapa wenye batoto benu banaishi mbali, munaanziaka wapi?