Siku Doreen Sugden Alipolalamika

Doreen Sugden, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, halalamiki. Mwaka aliokanyagwa mguu na gari la maziwa nilimkuta amekaa kando ya barabara, kiatu kimebondeka, nikamuuliza, "Doreen, vipi?" Akanijibu, "Si haba, shoga. Angalau mvua imekatika." Huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ndivyo tulivyo, lakini yeye alizidisha. Alipika chakula cha wanafunzi jikoni mwa shule hadi akastaafu, akamzika mume, akawekewa nyonga ya bandia, na miaka yote hiyo jibu lake lilikuwa lile lile: hatuna la kulalamika. Mimi siko hivyo. Mimi basi likichelewa kidogo tu, dereva atanitambua.

Binti yake Janine anafanya kazi za zamu katika kiwanda cha biskuti, kwa hiyo mjukuu, Tilda, muda mwingi yuko na bibi yake. Tilda ana usonji. Mtoto mzuri jamani, na hakuna katuni anayoipenda kama mashine ya kufulia. Atakaa mbele yake akitazama mashuka yakizunguka, anacheka peke yake. Shida ni kwamba hakuwa na njia ya kusema hapana. Kelele zikizidi, soksi ikimbana, mtu akimkumbatia ghafla, alikuwa anang'ata, au anagonga kichwa ukutani. Na ukuta wenyewe ndio huu tunaochangia. Nilikuwa nasikia nikiwa sebuleni kwangu na chai mkononi, du, du, du, na sioni haya kusema nililia.

Ndipo halmashauri ikakubali kumlipa Catrin, msichana wa Wales, mtaalamu wa tiba ya tabia, awe na Tilda shuleni na jioni nyingine aje nyumbani. Mimi nilidhani atakuja na dawa. Kumbe amekuja na kikopo cha kupulizia mapovu ya sabuni! Wala hakuanza kwa kumfundisha mtoto kukaa kimya au kuamkia watu. Alimfundisha kuinua kiganja na kusema, "Imetosha." Sisi wengine alitufundisha kutii.

"Akisema imetosha, mnaacha hapo hapo," Catrin alisema.

"Hata kama nambusu?" Doreen akauliza.

"Hata kumbusu, Bi. Sugden."

Doreen hakupenda, lakini akatii. Wakawa wanafanya mazoezi kwa nyimbo za kanisani, maana Doreen anaimba vibaya, Mungu anisamehe. Anafika nusu ya ubeti, kiganja kinapanda. "Imetosha!" Anaacha. Nami upande wangu napiga kelele, "Asante sana Tilda!" Kidogo kidogo ukuta ukanyamaza, ingawa kung'ata hakukuisha.

Sasa, kila mwaka halmashauri huangalia kama mtoto bado anahitaji msaada. Julai, ambayo huku kwetu ni kiangazi, wakamtuma Bwana Prentice, kijana mwenye adabu zake. Doreen aliposikia mgeni anakuja, ilikuwa kama anakuja mfalme. Akasugua kizingiti, akafua mapazia, akatundika picha ya bahari pale plasta ilipobonyea kwa kichwa cha Tilda, akaoka keki ya tangawizi, akaniita na mimi. Halafu, kwenye joto lile, akavaa sweta la mikono mirefu ili alama za meno zisionekane.

"Mnaendeleaje, Bi. Sugden?" Prentice akauliza.

"Hatuna la kulalamika, Bwana Prentice. Nikukatie kipande kingine?"

Keki ilinipalia. Nikampiga teke chini ya meza. Unajua alifanya nini? Alisogeza mguu wake, akaniambia, "Samahani, shoga, nimekubana."

Majibu yakaja: familia inamudu vizuri, kwa hiyo shule ikifunguliwa halmashauri haitamlipa Catrin tena. Nilivuka kizingiti kile kilichosuguliwa bila hata kubisha.

"Wewe! Ulimwambia nini yule kijana?"

"Si ulikuwepo? Nilimwambia tunaendelea."

"Mkono mzima una meno, umeuvalisha sweta Julai, ndiyo kuendelea huko?"

"Sasa ulitaka nimvulie sweta mgeni? Na keki iko mezani?"

"Ulitaka akuone hodari, basi amekuona! Hodari hasaidiwi!"

Alikaa jikoni akiikunja taulo ya vyombo, anaikunjua, anaikunja tena, na mimi hasira zikaniisha. Janine alikata rufaa, maana kumlipa Catrin kwa mshahara wa biskuti ni ndoto. Lakini rufaa ina foleni yake, na mtoto hasubiri foleni.

Shuleni Tilda alipewa msaidizi mwingine, mama mmoja mchangamfu, hana neno. Tatizo hakuna aliyemweleza habari za kile kiganja. Tilda alipokiinua, yule mama alidhani anasalimiwa, hata kabla neno halijatoka akakipiga kwa cha kwake, pa! "Hongera mpenzi!" Ikawa hivyo kila siku. Mtoto anaomba waache, anapigiwa makofi ya furaha. Ungekuwa wewe ungevumilia? Ilipofika Oktoba alikuwa hakiinui tena kiganja chake hicho kidogo, hata nyumbani. Na ukuta ukaanza upya. Du, du, du.

Rufaa ilisikilizwa mjini Leeds, katika chumba kidogo chenye zulia la kijivu. Nilikwenda kumshika Doreen mkono. Mbele yetu alikaa hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, na wenzake. Janine alizungumza vizuri mpaka sauti ikamkatika. Kisha Prentice akasema kwamba bibi wa mtoto mwenyewe alimhakikishia hawana la kulalamika. Hakimu akamgeukia Doreen.

"Bi. Sugden, mnaendeleaje nyumbani?"

Niliiona midomo yake ikijiandaa. Namjua. "Hatuna..." akaanza. Kumpiga teke hakukuwa na maana, angeniomba radhi mbele ya hakimu.

Prentice, maskini, akadhani anamsaidia. "Bibi huyu ni shupavu kweli. Yaani hajawahi hata siku moja ku..."

Doreen akainua kiganja. "Imetosha."

Prentice aliacha hapo hapo.

Doreen akakitazama kiganja chake kana kwamba amekiokota njiani. Halafu akaanza kukunja mkono wa sweta, taratibu, mpaka juu ya kiwiko.

"Hapa aliniuma wiki iliyopita. Hapa, juzi. Sebuleni nimetundika picha ya bahari. Siipendi bahari, nimefunika shimo la kichwa chake. Binti yangu analala na viatu. Nimechoka. Maji yamenifika hapa." Akagusa shingo. "Nilikudanganya, Bwana Prentice, kwa sababu ulikuwa mgeni na nyumba ilikuwa safi. Mjukuu wangu alijifunza kusema imetosha kabla yangu mimi bibi yake. Mkamwondoa aliyekuwa anamsikiliza. Sasa hasemi tena. Kwa nini aseme?"

Hapo bomba likawa limepasuka. Akawatolea uvivu wote, halmashauri, shule, foleni. Akafika kwenye nyonga, akafika mpaka kwenye gari la maziwa. Nilitaka kusimama nishangilie. Hakimu alimwacha amalize, kisha akamuuliza kwa upole kama angependa glasi ya maji.

"Sitaki maji," Doreen akasema. "Namtaka Catrin."

Kwenye treni ya kurudi alikaa akiteremsha na kupandisha mkono wa sweta. Tulipokaribia kufika akanong'ona, "Shoga, nimetuaibisha?" Nikamwambia anyamaze kabla sijamzaba kofi, tukacheka mpaka watu wakatugeukia.

Uamuzi ulitoka kabla ya Krismasi: halmashauri imlipe Catrin. Mwaka mpya ulipoanza, msichana akarudi na kikopo chake cha mapovu, na kazi ikaanza karibu na mwanzo kabisa, maana mtoto alikuwa hamwamini mtu. Kila jioni nilimsikia Doreen akiimba ukutani kwangu, ubeti baada ya ubeti, bila kukatizwa. Sijawahi kuuchukia wimbo wa Mungu namna ile.

Jioni moja mwishoni mwa Februari nilikuwa nimemimina chai. Doreen akaanza, akafika ile sauti ya juu asiyoifikia, na nikasikia sauti ndogo, kavu, imeudhika kweli kweli: "Imetosha."

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Nilitaka kupiga kelele kama zamani, asante Tilda, lakini nikaweka kikombe chini. Nikaegemeza kichwa ukutani, nikausikiliza ukimya ule mpaka chai ikapoa.