Ng'ombe wa Lambo na Kifurushi cha Nuru

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia Bariadi juu ya lori lililokuwa linakuja kuchukua pamba. Nilikuwa mzaliwa wa Nkololo ninayerudi nyumbani na Diploma ya ualimu wa fizikia. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuishika, wala hakuna mjomba aliyenivuta mkono. Niliipata Dar es Salaam kwa kichwa changu. Mkuu wa shule alinitazama viatu, kisha akasema, "Fizikia? Karibu sana, ndugu mwalimu. Jembe lako liko stoo."

Zilikuwa enzi za Ujamaa na elimu ya kujitegemea. Asubuhi tulilima pamba ya shule, na jua likipanda tukaingia darasani. Maabara yangu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu. Vifaa vilivyokosekana nilivitengeneza mwenyewe, na ninasema bila haya kwamba wakaguzi walipita shule nyingi kabla ya kuona maabara kama ile.

Makanika, somo la nguvu na mwendo, niliifundisha kwa mambo ya hapa hapa. Sheria za Newton zilikuwa mkokoteni, kamba na maksai. Nguvu hujumlishwa: wawili wakivuta upande mmoja, kitu husogea zaidi kuliko akivuta mmoja. Ukisukuma bembea polepole, tena na tena kwa wakati wake, mwishowe itapaa.

Mwaka wangu wa tatu, msichana wa Kidato cha Nne aliuliza kama nuru nayo inasukuma hivyo, kidogo kidogo. Muhtasari wa somo haukunidai kulijibu swali hilo. Diploma yangu ilinidai.

Nilichukua elektroskopu, chombo chenye vipande viwili vya karatasi ya bati ambavyo hutanuka vikipata chaji. Juu yake niliweka utepe wa metali ya magnesi niliousugua kwa msasa hadi ukang'aa, nikautia chaji hasi kwa kitana cha plastiki nilichokuwa nimekisugua kwenye nywele. Nilisogeza jiko la mkaa uliowaka mwekundu. Tulisubiri, na vipande vikabaki vimetanuka. Kisha tukatoka nacho juani, kiangazi kile cha Bariadi, na vipande vikaanza kushuka. Elektroni zilikuwa zinang'oka kwenye magnesi.

"Nuru huja kwa vifurushi," niliwaambia. "Kifurushi kimoja huitwa kwanta. Rangi ndiyo inayopanga ukubwa wa kifurushi, mwangaza unapanga wingi wa vifurushi. Kifurushi kimoja hukutana na elektroni moja. Nuru nyekundu ina vifurushi vidogo. Jua lina vingine vikubwa, vya miale iliyo ng'ambo ya urujuani, ambayo macho hayaioni."

Walinikodolea macho. Nikawapa mfano wa ng'ombe aliyezama kwenye tope la lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. "Watoto elfu wakija kumvuta mmoja mmoja, kila mmoja akavuta na kwenda zake, hatoki. Akija maksai mmoja mwenye nguvu ya kutosha, anatoka."

Wote wakaelewa. Wakaelewa hata wazazi wao majumbani, na huko ndiko kulikonitia matatani.

Kwetu ng'ombe akizama hupigwa mwano, ukelele wa kuita watu, na kijiji kizima huja kuvuta kamba moja. Sasa ikavuma kwamba mwalimu wa fizikia anafundisha watoto kuwa watu elfu si kitu mbele ya mwenye nguvu mmoja. Wiki ile ile katibu wa chama alifika shuleni. Mkuu wa shule akanivuta pembeni. "Omba radhi, ndugu yangu. La sivyo utahamishiwa ofisi ya kilimo ukagawe mbegu, na fizikia hutaigusa tena."

Katibu alikuwa mzee wa kijiji cha Nkoma, mfugaji. Tulisalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka", akaketi.

"Baba mwalimu, umoja si nguvu siku hizi?"

"Ni nguvu, mzee. Kwenye kamba ya ng'ombe ni nguvu kabisa, na ndiyo sheria ya Newton. Lakini elektroni haikusanyi misukumo midogo. Nikisema inakusanya ili nikufurahishe, nuru haitabadilika. Watoto ndio watakaopotea."

"Kwa hiyo kuna sheria mbili? Ya wakubwa na ya wadogo?"

"Ni moja. Simama mlimani utazame kundi la ng'ombe likirudi: ni mto wa vumbi unaotiririka. Simama mlangoni pa zizi: anapita mmoja, kisha mmoja. Nusu ng'ombe hapiti. Vifurushi vikiwa vingi mno hatuvioni kimoja kimoja, tunauona mto. Newton alisimama mlimani, na alichokiona ni kweli."

Katibu alisogeza kiti karibu. "Sasa nani aliiambia elektroni isikusanye?"

Mkuu wa shule alinikazia macho. Nilikuwa na maneno mengi ya vitabuni ya kuficha jambo, lakini hakuna lililokuwa jibu.

"Sijui, mzee. Tunajua ni hivyo. Kwa nini ni hivyo, hata walimu wa walimu wangu hawajui."

Akacheka hadi kofia ikamteleza. "Mkuu, mwache huyu na darasa lake! Wapinzani wa chama ninaowafahamu mimi wanajua kila kitu, huyu amekiri hajui." Kisha akaninyooshea kidole. "Ila wewe, ng'ombe umtoe kwenye hilo somo. Wananchi wanaelewa ng'ombe kuliko unavyotaka."

Baada ya hapo nilifundisha katika shule nyingine nne, chini ya wakuu wapole na wakuu wakali, hadi nilipostaafu. Vijana wa sasa wana vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na baadhi yao ni hodari karibu kama nilivyokuwa mimi. Wakija kunitembelea huniuliza niliwezaje kufundisha kwanta karibu na shamba la pamba. Nawaeleza kuhusu msasa na kitana. Halafu nawauliza swali la mwisho la yule katibu, nami nawangoja. Anayeanza kujibu haraka namwambia akae kwanza, anywe maji.