Kichwa, Moyo na Kwato Nne

Nilimchukia yule farasi kabla sijamkaribia. Kampuni ya uuguzi wa nyumbani iliponipa kazi ile waliniambia tu kwamba ni bibi mzungu wa miaka themanini na nne, mjane, amevunjika nyonga, anaishi peke yake kwenye shamba dogo huko Inver Grove Heights, hapa Marekani, juu ya mto. Neno shamba sikulitilia maanani. Niliendesha gari kutoka Burnsville asubuhi moja ya Novemba, nikaingia kwenye njia ya changarawe, na kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa kichwa kirefu cha rangi ya kahawia juu ya ua wa mbao, kinanitazama. Nilikaa garini nikifikiria kugeuza.

Baba yangu alikuwa saisi. Kwa miaka thelathini na mitano alitunza farasi wa mbio kwenye shamba moja nje ya Njoro. Aliwalisha, aliwasugua, aliwazalisha. Alijua tarehe ya kuzaliwa ya kila farasi aliyepita mikononi mwake. Yangu alikuwa anamuuliza mama. Nilipokuwa darasa la sita farasi mmoja alimpiga teke la kifua, akalazwa Nakuru wiki tatu, na siku aliyoruhusiwa kutoka alipitia kwanza mazizini ndipo akaja nyumbani. Mama alimwekea chakula mezani. Tangu siku hiyo sikutaka kusikia habari za farasi, na kusema kweli baba mwenyewe sikuwa na hamu naye sana.

Bibi alikuwa ameketi jikoni kando ya dirisha linalotazama malishoni.

"Umechelewa dakika nne," alisema.

"Habari ya asubuhi."

"Yule aliyekutangulia alikuwa akimpelekea farasi tufaha. Usimpelekee. Atakung'ata."

"Sina nia ya kumkaribia."

"Vizuri. Naye hana haja na wewe."

Tuliishi hivyo majira yote ya baridi. Nilikuwa na jina langu kifuani, limeandikwa kwa herufi kubwa, lakini yeye aliniita "wewe." Chai yangu ilikuwa nzito mno, mikono yangu baridi mno, viatu vyangu vilileta theluji ndani. Mimi nami nilimpa kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya huduma na si zaidi ya hapo. Nilimwosha, nikampa dawa, nikamtembeza hatua zake ishirini. Nilipopigiwa simu na rafiki zangu niliongea Kiswahili kwa sauti, makusudi, ili ajisikie mgeni jikoni mwake mwenyewe. Alielewa kwamba ni makusudi. Alizima redio ili anisikie vizuri, akanikodolea macho mpaka nikakata.

Macho yake hayakuweza tena kusoma maandishi madogo, kwa hiyo kila baada ya chakula cha mchana nilimsomea. Hakutaka magazeti wala Biblia. Alitaka vitabu vya nasaba za farasi na vijitabu vya mbio vya kiangazi kilichopita. Ndivyo nilivyoijua habari ya yule farasi jike, bila kupenda.

Bibi alimchukua farasi huyo akiwa na miaka mitatu, hakuna aliyemtaka. Alikuwa amekimbia mbio tatu tu. Katika mbili alimwangusha mpanda farasi pale pale langoni, na baada ya ile ya tatu alimng'ata saisi kidole kikatoka. Waliomfuga walitaka kumtupa. Bibi na marehemu mumewe wakampakia kwenye trela wakamleta hapa, na mwaka uliofuata wakampeleka Kentucky kwa dume. Alizaa mara kumi na tatu. Sita kati ya watoto hao walishinda mbio, lakini bibi hakuwajali sana.

"Soma majike," alikuwa akisema. "Dume anaweza kuwa na watoto mia kwa mwaka, kila mjinga anaye. Jike anazaa mmoja. Ukitaka kujua farasi ni nani, soma upande wa mama."

Nilisoma upande wa mama. Binti watatu wa yule farasi walikuja kuwa wazazi wenyewe, na binti zao pia. Katika kijitabu kimoja cha Jumamosi, mbio moja tu, watatu kati ya wanane walikuwa wajukuu na vitukuu vyake. Nilipomaliza kuyasoma majina yale nilinyanyua macho. Bibi alikuwa anatazama nje, na farasi wake alikuwa amesimama kwenye theluji, ametupa mgongo upande wetu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kiuno kimelegea, tumbo linaning'inia. Jirani mzee aliyekuja kumlisha asubuhi na jioni alikuwa anamtupia nyasi kutoka nje ya ua.

Bibi alikuwa na binti mmoja wa kuzaa. Huyo alikuwa na shamba kubwa magharibi ya mji, na wale binti watatu wa farasi walikuwa kwake. Mama na mwana hawakuwa wanasemezana. Jirani ndiye aliyeniambia sababu. Farasi alipofika miaka ishirini na moja binti alisema basi, apumzike. Bibi akampeleka kwa dume hata hivyo. Mtoto alikuja kinyume, miguu ya nyuma kwanza, na binti ndiye aliyemvuta kwa kamba, akatoka amekufa. Mama farasi naye aliponea chupuchupu. Binti alinawa mikono, akamwambia mama yake asimpigie simu tena. Kuanzia hapo kila walichotaka kuambiana walimwambia daktari wa mifugo, naye akapeleka.

Februari bibi aliniuliza kama nina watoto. Nilikuwa nikimlisha supu. Nilimwambia nina msichana, kwamba alilelewa na mama yangu mpaka alipofika miaka saba, ndipo karatasi zake zikakamilika nikamleta.

"Yule wa nje aliondolewa watoto wakiwa na miezi sita," alisema. "Alikuwa anapiga ukuta mateke siku mbili, kisha anakula. Wewe ulichukua muda gani?"

Niliweka kijiko chini. Nilitoka nikakaa garini mpaka vioo vikaganda ukungu kwa ndani. Niliporudi supu ilikuwa imepoa.

"Ukitaja mtoto wangu tena," nilimwambia, "utajiosha mwenyewe."

"Sawa," alisema. Hakumtaja tena. Hakuomba radhi pia.

Ilikuwa asubuhi ya Machi, kama saa tatu, nilipomsikia akigonga dirisha kwa pete yake.

"Analala vibaya. Toka nje umwinue."

Nilitazama. Farasi alikuwa chini kwenye matope na barafu, anajiviringisha, anageuza kichwa kutazama ubavu wake.

"Si kazi yangu," nilisema.

"Najua si kazi yako. Jirani ameenda mjini. Daktari nimempigia, yuko mwendo wa saa nzima. Akiendelea kujiviringisha utumbo utajisokota. Toka."

Sijui ni nini kilichonitoa. Labda ni kwamba nililijua lile tendo la kutazama ubavu, la farasi anayeumwa tumbo. Nimeliona tangu utotoni. Nilisimama kwenye ua, kamba mkononi, nikampigia baba. Huko Njoro ilikuwa jioni. Tulikuwa hatujaongea tangu Krismasi.

"Baba, kuna farasi hapa analala chini na kujiviringisha."

Hakuuliza farasi ametoka wapi. "Jike ama dume?"

"Jike. Mzee. Miaka ishirini na sita."

"Amezaa mara ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Ai. Mwinue, mwanangu. Usiende nyuma yake. Simama begani, mpigie kelele, vuta kichwa. Ufizi wake ni rangi gani?"

Nilimvuta. Alinyanyuka kwa magoti, akasimama, akaning'ata mkono juu ya koti. Meno hayakupita. Niliinua mdomo wake nikaona ufizi.

"Umekuwa kama matofali. Mwekundu uliofifia, na kingo za zambarau."

Baba aliniambia rangi hiyo ni mbaya. "Mtembeze polepole," alisema. "Usimwache alale. Uzao wake ukoje?"

Basi nikamtembeza kando ya ua, kwenda na kurudi, huku nikimtajia baba kwa simu, kwa kumbukumbu, yale majike niliyokuwa nimeyasoma kwa hasira miezi minne. Alisikiliza yote. Alinikatiza kuuliza binti wa pili alizaa na dume gani, na nilijua jibu. Farasi alilala mara mbili, nikamwinua mara mbili. Mikono ilikufa ganzi. Gari la daktari lilipoonekana njiani nilimwambia baba nakata.

"Mwambie pole," alisema.

"Nani? Bibi?"

"Huyo farasi."

Hakuuliza mimi niko vipi. Nilikata.

Daktari, mwanamke wa makamo, alimpima dakika chache tu. Utumbo ulikuwa umejisokota, na kwa umri ule hakuna wa kumpasua. Nilimvika bibi makoti mawili, huku nikimwambia ni baba yangu, saisi, aliyeniongoza kwa simu, nikateremsha kiti chake cha magurudumu kwenye barafu hatua kwa hatua. Alinyoosha mkono amguse farasi shingoni. Farasi alilaza masikio akataka kumng'ata. Bibi alitabasamu, kwa mara ya kwanza mbele yangu, na akasema, "Endelea." Daktari akamdunga sindano.

Farasi alikuwa amekufa, hata hajapoa, binti wa bibi alipofika na gari lake kubwa linalovuta trela. Daktari alikuwa amempigia simu. Alisimama juu ya farasi kwa muda, mikono mfukoni, kisha akamgeukia mama yake, na hakumsalimu.

"Chama cha wafugaji kinamwekea jiwe la kumbukumbu," alisema. "Kwangu, mbele ya mazizi. Nitachukua kichwa, moyo na kwato. Kilichobaki fanya utakavyo."

Ndivyo wanavyozika farasi mashuhuri, daktari alinieleza kwa sauti ya chini. Kichwa cha kufikiri, moyo wa kushindana, kwato za kukimbia.

"Huyu hakukimbia," bibi alisema. "Hutamkatakata."

"Ukifa ardhi hii itauzwa. Watajenga nyumba juu yake. Binti zake wako kwangu, wajukuu wako kwangu. Hapa kuna nini?"

"Mimi."

"Wewe ulitaka kumuua miaka mitano iliyopita."

"Nawe ulitaka aache kazi aliyoijua."

Daktari alikusanya vifaa vyake akasema yeye hatakata mnyama yeyote leo. Binti aliniangalia kana kwamba ndio kwanza ananiona. "Mwingize ndani. Anaganda."

Alikuwa sahihi, midomo ya bibi ilikuwa ya bluu. Lakini nilikuwa nimechoka kuamriwa na watu wa ukoo ule. Niliinama nikakaza breki za kiti.

"Akitaka kuingia atasema," nilijibu.

Binti aliondoka na trela lake tupu. Saa nane jirani alikuja na mashine ya kuchimba. Ardhi ilikuwa imeganda na meno ya mashine yalikwaruza kama kwenye chuma. Farasi alizikwa kamili, bila kukatwa. Baada ya theluji kuyeyuka bibi aliagiza pasawazishwe, ua ung'olewe na nyasi zipandwe, hata ukipita usijue palikuwa na kitu.

Hayo ya nyasi niliambiwa na jirani, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaondolewa. Binti alilalamika kwamba nilimweka mgonjwa kwenye baridi na kwamba nilishughulika na mnyama saa za kazi, na yote mawili yalikuwa kweli. Bibi alinipigia mara moja.

"Ulimwacha alale mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Baba yako angemwacha?"

"Mara moja, labda."

"Nilidhani hivyo," alisema, akakata.

Alifariki Septemba, kwenye nyumba ya wazee. Majira ya kuchipua yaliyofuata, nikiwa katika kazi yangu ya sasa kwenye wadi ya wagonjwa wa mifupa, binti alinipigia. Shamba lilikuwa linakaribia kuuzwa. Jiwe lilikuwa kwake tayari, halina kitu chini yake. Ua ulikuwa umeng'olewa, hakupatambua tena mahali, na jirani alikuwa amekataa kumwonyesha.

"Wewe ulikuwepo," alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nilimpenda pia. Mimi ndiye niliyemvuta mtoto wake kwa mikono hii. Niambie tu ni upande gani."

Ningeweza kumwambia. Ni hatua arobaini na mbili kutoka dirisha la jikoni, kuelekea mtoni. Nilizihesabu siku ile nikirudi na kile kiti. Nilisimama kwenye korido na simu sikioni, nikamsikia akipumua, akisubiri.

"Sikumbuki," nilisema.

Aliuliza tena, nami nikajibu vile vile.